Anayelia kwenye Shajara, Anayehesabu kwenye Daftari

Pale Darajani, Unguja, bei ya kanga husemwa kwa doti. Hakuna anayeuliza doti ni nini: ni kanga mbili zilizotoka kiwandani zimeshikana, unampa fundi azikate na kuzipinda. Juzi nilimuuliza mama mmoja muuza kanga kwa nini isiitwe jozi. "Mwanangu, jozi ni ya viatu," akanijibu, akaendelea kukunja.

Doti hiyohiyo ndiyo iliyomtoa jasho Henry Stanley mwezi wa Januari 1871, alipofika Zanzibar kutayarisha safari ya kumtafuta Livingstone. Katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata hakuficha kwamba maswali yalimwelemea: achukue nguo kiasi gani, shanga za rangi ipi, waya wa unene gani? Vitabu vya wasafiri waliomtangulia vilikuwa na milima na mito tele, ila hilo havikumwambia. Aliyemtoa gizani ni mfanyabiashara wa Kiarabu wa hapa mjini, Sheikh Hashid, aliyemwambia kwamba watu 100 watakula kwa doti 10 kwa siku, yaani yadi 40 za nguo. Stanley akapiga hesabu, akanunua doti 2,000 za merikani, ile nguo ya pamba kutoka Marekani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Kwenye shanga alijifunza kwamba zile nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo, lakini ukizitoa kwingine unachekwa. Shanga za sungomazi nazo zilitakiwa Ujiji, na mahali pengine umebeba mawe tu.

Nimeanza na doti kwa sababu nimechoka na namna tunavyozisoma karatasi binafsi za wafanyabiashara na wasafiri wa Kizungu waliopita visiwani kwetu. Mtu akifunguliwa sanduku la karatasi za namna hii hukimbilia shajara. Humo ndimo mna homa, dhoruba, baraza la Sultani, harufu ya karafuu na simanzi ya mtu aliye mbali na kwao. Daftari la hesabu huachiwa wanauchumi. Naona tumeshika kisu upande wa makali. Shajara mtu huiandika mbele ya Mungu wake, au mbele ya wajukuu, au mbele ya wasomaji anaotarajia kuwauzia kitabu, na kwa hiyo ana sababu ya kujipamba. Barua ya biashara humwandikia tajiri wake. Akikosea upana wa kitambaa, shehena nzima ya msimu ujao italala ghalani haina mnunuzi, na hasara atailipa yeye.

Mfano mzuri ni karatasi za Salem. Salem ni bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts, Marekani, na kwa miaka thelathini hivi watu wake walishika biashara ya kigeni ya Zanzibar kuliko taifa lolote la Ulaya. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyefika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1820 na kulalamikia taratibu za biashara, alirudi akiwa mjumbe wa serikali yake, na Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini Muscat baina ya Sayyid Said na Marekani. Ushuru ukawekwa asilimia 5 tu kwa bidhaa zinazoshushwa. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu 41 za kigeni zilitia nanga Zanzibar. 32 zilikuwa za Kimarekani, na 20 kati ya hizo zilitoka Salem peke yake. Mwaka 1840 Sayyid Said naye akapeleka merikebu yake, Sultana, hadi New York, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Haikwenda kwa heshima peke yake. Ilipakia tende, kahawa, pembe na karafuu, ikarudi na marobota ya merikani.

Mtu anaweza kunikatiza hapa: miaka hiyo ukoloni ulikuwa bado. Kweli. Himaya ya Waingereza ilitangazwa 1890. Lakini mkoloni hakudondoka kutoka mbinguni. Alikuta njia, bei, madeni na majina ya watu wa kuaminika yamekwisha kuandikwa kwenye barua za wenye maduka. Barua alizoandika Edward Ropes, kijana wa Salem aliyefanya kazi Zanzibar kati ya 1882 na 1892, zinaanzia kabla ya Wajerumani kuingia Mrima, pwani ya bara inayotukabili, na kuishia bendera ya Uingereza ikiwa imekwisha simama. Zimechapishwa tangu 1973. Ni mlolongo mmoja wa kalamu.

Sasa tumtazame Richard Waters, konseli, yaani balozi mdogo, wa kwanza wa Marekani hapa Zanzibar. Aliteuliwa 1836 akafika Machi 1837. Kwao Salem alikuwa mtu wa kanisa, mchukia utumwa. Serikali yake haikumpa mshahara. Ilitarajiwa aishi kwa biashara, kwa hiyo aliyepandisha bendera asubuhi ndiye aliyepima pembe mchana. Njiani, merikebu ilipopita Msumbiji, aliwaona watumwa wakisafirishwa, na shajara yake inatoa machozi. Hata akajiuliza atawasema vipi wanaofanya biashara hiyo ilhali nchi yake mwenyewe ina watumwa kwa mamilioni. Ni swali la mtu mwungwana, sina shaka na uchungu wake. Ukiishia hapo utafunga jalada ukiwa umempenda.

Fungua barua za biashara. Mtu yuleyule anaagiza merikani, ananunua sandarusi, karafuu na pembe. Karafuu ililimwa mashambani kwa mikono ya watumwa. Pembe ilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na baadhi ya hao walikuwa watumwa. Waters alilijua hilo, na barua hazijishughulishi kulificha wala kulisema, kwa sababu hazikuandikwa kwa ajili hiyo. Zinataja uzito, bei na tarehe.

Halafu kuna habari ya Jairam Shivji. Wakati ule forodha haikuwa idara ya serikali. Sultani aliikodisha kwa mfanyabiashara, akalipwa kiasi maalumu kwa mwaka, na ushuru wote uliokusanywa ukawa wa mwenye kukodi. Jairam, Mhindi wa Kibhatia kutoka Kutch, ndiye aliyeishika. Aliyeshika forodha alishika pia mashua za kupakulia na wachukuzi, na zaidi ya hayo alijua merikebu ipi inaleta nini kabla wenzake hawajajua. Waters akaelewana naye wafanye kazi pamoja na kugawana faida. Asiyekuwa ndani ya duara lao alijikuta akisubiri mashua zisizokuja na wauzaji walioogopa kumuuzia. Waingereza walilalamika, na Kapteni Hamerton alipofika 1841 kuwa konseli wao alilalamika zaidi. Hata Wamarekani wa kampuni nyingine walinung'unika. Mkataba wa 1833 ulikuwa umewaahidi Wamarekani uhuru wa kununua na kuuza na yeyote wamtakaye. Aliyeufunga mlango huo alikuwa konseli wa Marekani, bega kwa bega na mwenye kukodi forodha.

Habari hiyo hutaipata kwenye sala za Waters. Imo kwenye barua zinazozungumzia nani kauziwa, nani kanyimwa na kwa bei gani. Na inabadilisha picha nzima ya kisiwa, kwa sababu ghafla Mzungu hayuko juu ya mlima akiwatazama wenyeji. Yuko Forodhani, kofia mkononi, akitafuta urafiki wa Mhindi ambaye bila yeye hawezi kushusha robota moja.

Wazee walisema zumari likipigwa Unguja, wacheza watu wa maziwani. Daftari za Salem zinasimulia upande wa pili wa ngoma: watu wa bara wakikunja uso, mashine Massachusetts zilibadilishwa. Merikani ilikuwa nguo nzito ya pamba, isiyotiwa rangi, na watu wa bara waliipenda kwa kuwa ilidumu baada ya kufuliwa mara nyingi. Wakala aliyekuwa Zanzibar alilazimika kueleza kwa matajiri wake upana unaotakiwa, uzito na ufumaji, na kuonya pale shehena ilipokuja nyepesi. Ushauri huo ulianzia kwa nani? Kwa mwenye msafara aliyerudi kutoka Unyamwezi na marobota yasiyouzika. Kwa mke wa mtu fulani huko bara, ambaye jina lake halimo popote, aliyeshika pindo la kitambaa baina ya vidole viwili akasema hiki hapana. Mwaka 1847 kiwanda cha Naumkeag kilipoanza kufuma pale Salem, kilikuwa kikifumia, miongoni mwa wengine, mwanamke huyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata pamba. Merikani ikaadimika, bei ikapanda, Waingereza na baadaye viwanda vya Bombay wakaingia na nguo za kuigiza. Salem haikusimama tena kama zamani. Jina la nguo likabaki.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha kwenye karatasi hizi, nalo ni masikio mabovu ya waandishi wake. Sandarusi, ile gundi ya kale iliyochimbwa ardhini Mrima na kupelekwa Salem kusafishwa ili itengenezewe vanishi, ilikuwa na madaraja. Iliyokomaa chini ya ardhi miaka na mikaka ndiyo iliyokuwa na thamani. Ile mbichi, iliyotoka mtini juzi, wenyeji waliiita chakazi. Wafanyabiashara wa Kizungu wakalisikia neno hilo kama neno la kwao la punda dume, "jackass", na likaingia hivyohivyo katika lugha ya biashara ya Kiingereza: sandarusi ya punda. Likadumu hadi kwenye kamusi zao. Majina ya watu nayo kila mmoja ameyaandika kama alivyoyasikia, na mtu mmoja aweza kuonekana watatu. Msomaji asiyejua Kiswahili hupita juu ya makosa hayo akidhani ni tahajia mbaya tu. Anayekijua huona kila kosa lina mtu nyuma yake. Palikuwa na mchimbaji au dalali aliyesimama mbele ya mzani akasema "chakazi hii", akamfundisha mgeni kazi.

Frasila pia imo kila ukurasa, uzito wa ratili kama 35, kilo 16 hivi. Waandishi wa Salem hawakuwa na haja ya kuitafsiri kwa matajiri wao. Walipima kwa kipimo cha hapa, wakahesabu kwa reale zilizokuwa zikitumika hapa, wakapanga mwaka wao kwa kufuata kaskazi na kusi. Huo si mwenendo wa watu waliokuwa wakiitawala nchi.

Sasa isije ikaonekana kwamba Mzungu ndiye peke yake anayejipamba na wetu ndio wakweli. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka uleule Waters alipofika, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kwangu ndiyo nathari tamu kuliko zote za Kiswahili cha zama zile: fupi, kavu, haina huruma. Na nayo ni daftari. Alipomshinda Nsama, mtawala wa Itabwa huko bara, hakai kusimulia ushujaa; anataja pembe frasila 1,950 na shaba frasila 700. Unaweza kusoma kurasa na kurasa ukajua mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, usimwone aliyeubeba. Pembe hizo ni zaidi ya tani 30. Zilitembea kwa miguu ya watu hadi pwani. Tippu Tip, aliyefariki 1905 katika nyumba yake ya Shangani ambayo mpaka leo watalii huipiga picha, hana la kusema juu ya miguu hiyo.

Basi daftari lina upofu wake, la Salem na la Shangani. Linamwona mnunuzi, linamwona dalali, linauona mzigo. Linamruka mbebaji. Tofauti yake na shajara ni kwamba shajara inamtazama mtumwa ikalia, halafu mwandishi anajisikia vizuri. Daftari halilii, lakini ukilifuata safu kwa safu linakufikisha mlangoni kwa mtu huyo, hata kama halikufungulii.

Wachukuzi wa Forodhani wa enzi hiyo wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku; ujira waligawana na bwana zao. Kampuni za Kizungu, pamoja na zile zilizokatazwa na sheria za kwao kumiliki watumwa, ziliwakodi bila wasiwasi, kwa kuwa kwenye hesabu hiyo ni mshahara wa kutwa, basi. Watu hao waliitwa vibarua. Neno lenyewe ni barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Fikiria: katika mji uliojaa watu waliokuwa wakiandika barua za kurasa nane kwenda Salem, Hamburg na Bombay, aliyebeba mizigo yao naye alikuwa na karatasi yake mkononi, tena akaitwa kwa jina la karatasi hiyo. Leo hii tunaposema kibarua cha fulani kimeota nyasi tunacheka tu.

Majina ya baadhi yao tunayo, lakini si kutoka kwa wafanyabiashara. Konseli Rigby wa Uingereza, mwaka 1860, aliwaacha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Uingereza, na orodha zikaandikwa: jina la mtumwa, jina la mmiliki. Nisiseme Rigby alikuwa malaika, alikuwa na ugomvi wake wa kisiasa na wafanyabiashara hao. Lakini orodha hizo zikiwekwa pembeni ya daftari za Salem, kwa miaka na kwa majina ya wamiliki, safu za "mizigo" zinaanza kupata sura. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye karatasi zote mbili mezani.

Hapo ndipo penye kero yangu. Karatasi za Salem hazikuponea bahati. Tangu 1799 mji ule ulikuwa na chama cha manahodha na mawakala waliowahi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi Horn, na miongoni mwa shughuli zake ilikuwa kuwahimiza wanachama waandike shajara za safari na kuziweka chamani. Chama kikazaa makumbusho, makumbusho yakawa na maktaba. Kwetu hapakuwa na chama cha namna hiyo. Palikuwa na makasha ya mninga, unyevu, na mchwa. Halafu pakaja 1964, watu wakaondoka na walichoweza kubeba, na hati za familia zikachomwa, zikatupwa, au zikafungiwa maandazi. Kilichookolewa na jengo la Nyaraka pale Kilimani ni kingi kuliko watu wanavyodhani, lakini zaidi ni karatasi za serikali na za makonseli.

Mwaka 2018 maktaba ile ya Salem ilihamishiwa Rowley, mji jirani, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Wenyeji wa Salem walikuja juu. Walisema historia yao imeng'olewa, wakaandika magazetini. Nawaelewa kabisa, na sitanii. Ila nusu saa! Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anayetaka kusoma Jairam alimuuzia nani anahitaji viza, tiketi, na pahala pa kulala Massachusetts. Profesa Abdul Sheriff alizifuata karatasi hizo hukohuko, na kitabu chake cha 1987 kuhusu pembe, karafuu na watumwa kisingekuwa kile tunachokijua bila ya daftari za Wamarekani. Alikwenda mmoja akarudi na kitabu. Wangeweza kusoma kumi, tungekuwa tunabishana.

Sidai karatasi zirudishwe; za Waters ziliandikwa na Waters, ni za kwao. Ninachokitaka ni nakala kamili Kilimani, kila ukurasa, pamoja na kurasa za hesabu ambazo wapiga picha huziruka kwa kuona hazina mvuto. Na faharasa yake itengenezwe na watu wa hapa. Mtu wa Rowley, hata awe mwangalifu vipi, akikutana na sandarusi ya punda ataiweka chini ya J ya "jackass", na akikutana na jina la mtu lililoandikwa namna tatu atafungua mafaili matatu.

Kuna kazi ngumu zaidi ambayo haingoji Massachusetts. Waters alikuwa nusu moja tu ya mapatano yake. Nyumba za biashara za Kihindi hapa mjini ziliweka hesabu zao kwa Kigujarati, katika vitabu virefu vyenye jalada jekundu, kwa mwandiko wa madukani ambao hata aliyesoma Kigujarati shuleni hubabaika nao. Vichache vimebaki kwenye kabati za watu. Nimewahi kuonyeshwa kimoja, Mji Mkongwe, na mwenye nyumba ambaye hajui kukisoma. Alinielekeza kwa mzee wa mtaa wa pili. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya kwanza, akanisomea: merikani, jora kumi na mbili. Akageuza ukurasa. Macho yakamchoka kwenye wa tatu, akaniambia nirudi Jumamosi.